Gundi ya lignini kwa plaiwudi na chipubodi: inaweza kuchukua nafasi ya fenoli kwa kiasi gani hasa?

Msindano (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Habari fupi hupita humu mara kwa mara kwamba gundi za viwandani zimepata mrithi, na kwamba mrithi huyo ni lignini, ile polima inayoupa mti ugumu wake. Habari hizo si uongo, ila huishia pale kazi inapoanza. Naomba tuijadili lignini kwa jicho la mtu anayetakiwa kuunganisha vinia na vinia (karatasi nyembamba za mbao zinazopangwa kuwa plaiwudi) na kuuza ubao huo kwa dhamana.

Tuanze na kinachotakiwa kubadilishwa. Plaiwudi ya ndani, chipubodi na MDF nyingi (ubao wa nyuzi za mbao zilizokandamizwa) hushikiliwa na resini ya yurea na formaldehaidi. Yurea hiyo ni ileile ya mbolea, na formaldehaidi ni gesi ileile ambayo ikiyeyushwa majini tunaiita formalini. Resini hii ni rahisi, haina rangi na hukauka upesi kwenye presi, lakini unyevu na joto huivunja polepole, na kila inapovunjika huachia gesi hewani, ndani ya kabati na ndani ya chumba cha kulala. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka formaldehaidi katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya nao umepanga kuwa, kuanzia Agosti 2026, fanicha na bidhaa za mbao zisizidishe miligramu 0.062 katika mita moja ya ujazo ya hewa, yaani nusu ya kiwango cha 0.124 kilichozoeleka huko kwa miaka mingi.

Plaiwudi ya nje, ile ya kumiminia zege na ya kujengea boti, hutumia resini ya fenoli na formaldehaidi, ambayo ni ya ukoo mmoja na Bakelite aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907. Hiyo haivunjwi na maji na huachia gesi kidogo sana, lakini fenoli yake hutokana na mafuta ya petroli, na bei yake hupanda na kushuka pamoja na mafuta hayo.

Lignini inaingia hapo kwa sababu yenyewe ni polima ya kifenoli iliyotengenezwa na mti. Ni kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wa mbao kavu, na hujengwa kwa vipande vya aina tatu ambavyo wanakemia huviita H, G na S. Viwanda vya karatasi huitoa ili vibaki na selulosi. Njia inayotawala duniani ni ile ya krafti, ambayo Carl Dahl aliianzisha Danzig (leo Gdańsk, Poland) mwaka 1879: vipande vya mbao huchemshwa chini ya shinikizo pamoja na soda kali na sodiamu salfaidi hadi lignini iyeyuke na kuwa maji meusi mazito. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba tani zaidi ya milioni 50 za lignini huyeyushwa hivyo kila mwaka duniani, na karibu zote huchomwa kwenye maboila ya viwanda hivyohivyo.

Wengi husoma hadi hapo wakadhani kazi imekwisha: fenoli ipo, ni nyingi, ni rahisi, basi ichanganywe na formaldehaidi. Kikwazo kiko kwenye molekuli. Fenoli ya kawaida ni kama mtu mwenye mikono mitatu. Formaldehaidi inaweza kuishika sehemu tatu kwenye pete yake, ndiyo maana inafunga wavu mgumu na kwa haraka. Kipande cha G kwenye lignini kina mkono mmoja tu ulio huru, kwa kuwa mmoja umeshikiliwa na mnyororo wa kaboni uliokijenga kwenye mti na mwingine umezibwa na methoksili, kikundi kidogo cha atomi. Kipande cha S kimezibwa pande zote, hakina hata mmoja. Zaidi ya hapo molekuli ya lignini ni kubwa na imejikunja, kwa hiyo hata nafasi chache zilizobaki baadhi yake zimejificha ndani.

Kwa maoni yangu jambo hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kwenye mada hii: mti gani unafaa, kiasi gani cha fenoli kinaweza kuondolewa, na ubao utakaa dakika ngapi kwenye presi. Mtu akiwaletea gundi ya lignini, mwulizeni kwanza ameipataje mikono hiyo.

Randa

Mleta mada, ahsante kwa maelezo. Mimi ni fundi seremala, na sisi mafundi hatukuanza jana kuambiwa juu ya gundi za asili. Gundi ya ngozi na mifupa ilishika vizuri hadi siku ya mvua, na ya wanga ni ya bahasha. Je, hii ya lignini inastahimili maji? Na kama lignini ni kahawia nzito, si itaacha mstari mweusi kwenye kila ukingo wa ubao?

Msindano

Ndugu Randa, maji si tatizo lake kubwa. Gundi ya ngozi na ya wanga hushindwa kwa sababu maji huziyeyusha tena, lakini lignini iliyofungwa na formaldehaidi au kifungio kingine hugeuka wavu usioyeyuka, sawa na resini ya fenoli. Kinachoogopwa ni wavu usiokamilika, yaani ubao uliotolewa kwenye presi kabla nafasi zile chache hazijashikana. Ubao huo utaonekana mzima dukani, kisha tabaka zitaachana kwenye unyevu.

Historia ina mfano mzuri. Katika miaka ya 1960 huko Denmark walijaribu kutengeneza chipubodi kwa lignini peke yake, ile inayotoka kwenye viwanda vya karatasi vya njia ya salfaiti, bila fenoli kabisa. Mbao zilipatikana na zilivumilia maji, lakini zilihitaji muda mrefu kwenye presi na baada ya hapo saa kadhaa ndani ya chombo cha mvuke wenye joto kali, na tindikali iliyotumika ilikula vyuma vya mitambo. Hakuna kiwanda kinachoweza kushindana sokoni kwa mwendo huo.

Kuhusu rangi, ni kweli mstari utaonekana, na kwenye mbao nyeupe utaonekana zaidi. Ila resini ya fenoli nayo ni kahawia iliyokolea, kwa hiyo kwenye plaiwudi ya zege hakuna mnunuzi atakayelalamika.

Vinia

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha plaiwudi Nyanda za Juu Kusini. Huku kwetu magogo ya mikaratusi ni mengi kuliko ya misindano, na menejimenti ingependa kusikia kwamba mikaratusi itatupa vinia na gundi kwa pamoja. Je, lignini ya mkaratusi inafaa? Pili, hiyo mikono inaongezwaje? Tatu, kuna mahali popote inapouzwa kweli, au yote haya ni ya maabara?

Msindano

Mkaratusi ni mti wa majani mapana, na miti ya jamii hiyo huchanganya G na S, tena mkaratusi una S nyingi. Kwa resini ya fenoli hiyo ni hasara. Misindano ina karibu G tupu, ndiyo maana viwanda vya Ulaya na Amerika Kaskazini vimejengwa juu ya misindano na misprusi. Nyasi, mianzi na makapi ya miwa yana S pia, lakini yana sehemu ya H, yenye nafasi mbili huru, kwa hiyo yana unafuu fulani. Ajabu ni kwamba kwa kazi ya karatasi mambo ni kinyume: S nyingi hurahisisha kuitoa lignini, na wenye viwanda vya karatasi huupenda mkaratusi kwa sababu hiyohiyo inayotukera sisi.

Njia za kuongeza mikono ni kadhaa. Lignini inaweza kuchemshwa pamoja na fenoli kidogo kwenye tindikali ili fenoli ijishikize kwenye minyororo yake. Inaweza kutanguliziwa formaldehaidi peke yake kabla ya kuingizwa kwenye resini, ili pale penye nafasi pawe tayari. Inaweza kuvuliwa methoksili, kazi ambayo ni nzuri kwenye karatasi na ghali kwenye mtambo. Inaweza pia kukatwakatwa iwe molekuli ndogo, jambo linalofichua nafasi zilizojificha. Ila ukikata kupita kiasi unapoteza faida ya kuwa na polima iliyokwisha kujengwa.

Kuhusu soko, inauzwa. Kampuni ya UPM ya Finland hutengeneza plaiwudi ya WISA kwa gundi inayoitwa BioBond, ambamo lignini imechukua nafasi ya takriban nusu ya fenoli. Kanada, kampuni ya West Fraser ilifungua mwaka 2016 mtambo wa kutoa lignini kwenye kiwanda kilichokuwa chake wakati huo, Hinton, Alberta, na lengo la kwanza lilikuwa gundi ya plaiwudi. Tazameni hiyo nusu. Haikuchaguliwa kwa unyenyekevu. Kwenye resini za fenoli, kiasi kinachotajwa tena na tena kwa lignini isiyofanyiwa matengenezo makubwa ni kati ya asilimia 30 na 50, na ukipita hapo muda wa presi huanza kurefuka.

Boila

Nimefanya kazi upande wa nishati kwenye kiwanda cha karatasi, kwa hiyo niruhusuni nipunguze shauku kidogo. Watu husema lignini "inachomwa tu" kana kwamba ni taka. Si taka hata kidogo. Yale maji meusi yakishakaushwa hadi yawe mazito huingia kwenye boila ya kurejesha kemikali, na boila hiyo hufanya kazi mbili: huzalisha mvuke na umeme wa kiwanda kizima, na huirudisha soda na salfaidi ili zitumike tena. Ukiitoa lignini yote umekiua kiwanda, kwa maana utanunua mafuta ya kuchoma na pia utanunua kemikali upya.

Kuna hali moja tu ninayoijua ambamo hesabu inakubali kwa urahisi. Viwanda vingi hukwama kwenye boila: mitungi ya kuchemshia mbao inaweza kupika zaidi, lakini boila imeshajaa. Ukiitoa sehemu ndogo ya lignini unaipunguzia boila mzigo, na kiwanda kinaongeza tani za karatasi bila kununua boila mpya, ambayo ndiyo kifaa ghali kuliko vyote pale. Lignini hapo ni faida ya ziada juu ya karatasi iliyoongezeka. Kwa kiwanda kisichofikia uwezo wake wa uzalishaji, sababu hiyo haipo, na ninaomba mjiulize viwanda vyetu viko kundi gani. Webuye, Kenya, Pan African Paper Mills ilifunga milango mwaka 2009. Tanzania tunacho kile cha Mgololo, Mufindi, kinachotumia njia ya krafti.

Msindano

Ndugu Boila, nakubaliana nawe, na niongeze ushahidi. Mtambo wa kwanza wa kibiashara wa LignoBoost, teknolojia ya kutoa lignini kwenye maji meusi iliyoendelezwa Sweden, ulianza mwaka 2013 kwenye kiwanda cha Domtar huko Plymouth, North Carolina. Kampuni ya Stora Enso ikafuata mwaka 2015 huko Sunila, Finland, kwa uwezo wa tani 50,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Stora Enso ilitangaza kukifunga kiwanda cha Sunila, na utoaji wa lignini ukafungwa pamoja nacho, kwa sababu hauna maisha yake peke yake. Unaishi kwa karatasi.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye hitimisho la kimya la hoja yako, kwamba basi kwetu haiwezekani. Kiwanda cha plaiwudi hakihitaji tani 50,000, na lignini kavu ni unga unaosafirishwa kwa magunia kama bidhaa nyingine yoyote. Nani ameitoa ni swali moja, nani anaitumia ni jingine.

Miwati

Nashangaa uzi umefika hapa bila mtu kuitaja miwati, miti ya jamii ya akasia. Mnahangaika na lignini yenye mkono mmoja wakati Njombe kuna magome yenye kitu bora zaidi. Tanganyika Wattle Company ilianzishwa pale mwaka 1949 na shirika la maendeleo la makoloni la Uingereza, na tangu zamani hukamua tanini ya magome ya miwati kwa ajili ya kusindika ngozi za wanyama. Kenya nayo ilikuwa na tasnia hiyo Eldoret.

Tanini ya miwati pia ni ya kifenoli, lakini pete yake inafanana na ya resosinoli, ndugu wa fenoli, ambayo hushikana na formaldehaidi kwa kasi kubwa kuliko fenoli yenyewe. Ndiyo maana Afrika Kusini na Australia zilianza kutengeneza chipubodi za nje kwa gundi ya miwati tangu miaka ya 1970, wakati lignini bado ilikuwa mada ya mikutano. Shida yake ni ya upande wa pili kabisa: inashikana upesi mno, ni nzito kupaka, na ikikaa kwenye ndoo inaganda kabla kazi haijaisha.

Msindano

Mchango huu ni wa thamani, na unaeleza kwa nini mkemia Antonio Pizzi, aliyefanya kazi Afrika Kusini kabla ya kwenda Ufaransa, amekuwa akivichanganya vyote viwili. Wazo lake na wenzake ni hili: lignini inashikishwa kwanza na glaioksali, kemikali ambayo ni dhaifu kuliko formaldehaidi lakini haipai hewani kwa wepesi na haina sumu ya kiwango kile, halafu inachanganywa na tanini ya miwati na kifungio cha hegzamini. Tanini inaleta kasi, lignini inaleta wingi na bei nafuu, na formaldehaidi inayotoka kwenye ubao inabaki ndogo sana. Kama kuna mchanganyiko mmoja ambao mtu wa Njombe au Mafinga anapaswa kuujaribu kabla ya kuagiza teknolojia ya Finland, kwangu ni huu.

Kumbi

Mimi niko Pemba, na ninataka kuuliza jambo ambalo huenda linawatoa nje ya plaiwudi kidogo. Makumbi ya nazi tunayafukia kwenye tope la pwani kwa miezi, kisha kina mama huyaponda wapate usumba wa kamba. Kila kitu laini huoza, usumba hauozi. Nimesoma kwamba sababu ni lignini. Je, makumbi yenyewe hayawezi kukandamizwa yakawa ubao bila gundi yoyote?

Msindano

Yanaweza, tena hili limefanyiwa kazi Wageningen, Uholanzi, katika miaka ya 2000. Kumbi zima, usumba pamoja na ule unga wake, lina lignini nyingi kuliko mbao za kawaida. Likisagwa na kukandamizwa kwa joto kali na shinikizo kubwa, lignini iliyo humo hulainika, hutiririka kati ya nyuzi na kufungana, na ubao mzito mgumu hupatikana bila tone la gundi. Bakteria wa kwenye tope hula pektini na sukari, lignini hawaiwezi kwa urahisi, kwa hiyo maelezo uliyosoma ni sahihi.

Msingi huo ni wa zamani. William Mason, huko Laurel, Mississippi, mwaka 1924 alipata hadibodi kwa kulipua vipande vya mbao kwa mvuke na kuzikandamiza nyuzi zake kwa moto, na lignini yenyewe ikafanya kazi ya gundi. Hadibodi ya migongo ya makabati yetu ni ya ukoo huo. Gharama ya njia hii iko kwenye presi: lazima iwe ya moto sana na yenye nguvu sana, na ubao lazima uwe mzito. Ubao mwepesi wa bei ndogo hautapatikana hivyo. Hata hivyo, kwa pwani, ambako makumbi ni mengi na hakuna kiwanda cha karatasi cha kututolea lignini, mimi ningeanzia hapa na kuiacha plaiwudi.

Mwanafunzi wa Kemia

Nipo chuoni na nimeahidiwa lita ishirini za maji meusi kutoka kiwanda cha krafti. Nimesoma kwamba nikiongeza tindikali ya salfa lignini inaganda na kuzama chini, kisha nachuja. Naweza kulifanya hili kwenye karo la maabara?

Boila

Hapana, na naomba usome hili hadi mwisho. Maji yale yana salfaidi. Ukimimina tindikali, salfaidi hugeuka haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza ambayo huua. Usitegemee harufu ikuonye, maana gesi ikifikia kama sehemu 100 katika milioni moja ya hewa, pua hupoteza uwezo wa kuinusa, nawe utadhani imekwisha wakati imezidi.

Viwandani kazi hii hufanywa kwa hatua na ndani ya vyombo vilivyofungwa. Kwanza hupulizwa kaboni dayoksaidi ili pH (kipimo cha ukali wa tindikali au besi) ishuke kutoka karibu 13 hadi karibu 10, lignini iliyoganda huchujwa, na baada ya kuchujwa ndipo husafishwa kwa maji yenye tindikali hadi pH ya 2 au 3 ili sodiamu iondoke. Gesi inayotoka hukusanywa na kuchomwa. Kule Hinton mtambo ulijengwa ili maji meusi yapulizwe oksijeni kwanza na salfaidi igeuzwe kabla tindikali haijagusa chochote. Kwako wewe jibu jepesi zaidi ni kubadilisha malighafi: chemsha makapi ya miwa kwa soda kali peke yake, bila salfaidi, kisha uigandishe lignini hiyo ndani ya kabati la maabara linalofyonza gesi, ukiwa na msimamizi. Utapata lignini isiyo na salfa, yenye vipande vya H, na pengine itakufaa zaidi kwa gundi kuliko ile uliyoahidiwa.

Vinia

Swali langu la mwisho. Tukitengeneza ubao wa majaribio kwa lignini na tanini, tutajuaje kwamba umefaulu bila kuusubiri uvunjike kwa mteja?

Msindano

Kata vipande vidogo vilivyochongwa mfereji kila upande hadi mpaka wa gundi, uvichemshe kwa saa 4, uvikaushe kwenye oveni ya nyuzi 60 za Selsiasi kwa saa 16 hadi 20, uvichemshe tena saa 4, uvipoze majini, kisha uvivute vikiwa bado vimelowa na kupima nguvu inayohitajika kuvitenganisha. Ndivyo kipimo cha Ulaya cha EN 314 kinavyotaka kwa plaiwudi ya nje. Baada ya kuvuta, tazama uso uliopasuka: nyuzi za mbao zikiwa zimechanika na kubaki upande wa pili, gundi imeishinda mbao, uso ukiwa laini na wa kahawia tupu, wavu haukukamilika, na marekebisho ya kwanza ni kuongeza muda wa presi kabla hujagusa mchanganyiko. Tengeneza pia ubao mmoja kwa resini yenu ya kila siku, kwa vinia zilezile na presi ileile, uuchemshe pamoja na huo wa majaribio, kwa sababu namba ya gundi mpya peke yake haitawaambia chochote kuhusu vinia zenu.